Pikapu ya kuvuta tela la maji: anza na kilo za kubeba

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, nina ekari tatu za zabibu huku Mvumi. Kisima kiko kama kilomita sita kutoka shambani. Nataka kununua pikapu ya dizeli iliyotumika, dabo kebini, na fundi wa kuchomelea ameshaanza kunitengenezea tela la ekseli moja la kubeba tangi la lita 2,000. Dalali ananihakikishia kwamba gari hilo linavuta tani tatu na nusu, hivyo maji yangu ni mzigo mdogo kwake. Siku za kazi huwa naenda na mke wangu na vibarua watatu. Je, gari hilo litanitosha au nitafute lenye nguvu zaidi?"

Shikamoo Mwalimu.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeniambia gari linavuta kilo ngapi, tangi lina lita ngapi na mnakuwa watu wangapi. Namba moja haimo, nayo ndiyo ningekuomba kwanza kama ungekuja gereji kwangu: gari hilo linaruhusiwa kubeba kilo ngapi mgongoni mwake. Kuvuta ni jambo moja, kubeba ni jambo jingine, na kwenye pikapu uwezo wa kubeba karibu kila mara huisha kabla ya ule wa kuvuta.

Dalali hajakudanganya. Pikapu nyingi za dizeli za miaka ya karibuni, kama Hilux, Ranger, D-Max na Navara, zimeandikiwa kuvuta hadi kilo 3,500, ingawa za zamani zina namba ndogo zaidi. Ila namba hiyo ina masharti mawili ambayo dalali hayataji. La kwanza ni kwamba tela liwe na breki zake lenyewe. La pili ni kwamba gari lenyewe lisizidi uzito wake wa jumla. Sharti la pili ndilo linalokuhusu zaidi, kwa hiyo naanza nalo.

Uzito wa jumla ni kilo ambazo gari halitakiwi kuzipita likiwa na kila kitu ndani yake: chuma chake, mafuta, watu, mizigo, na sehemu ya tela inayolilalia kwa nyuma. Ukitoa humo uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba. Kadi ya gari ya TRA ina namba zote mbili, wa gari tupu na wa jumla. Kabla hujazungumza bei, mwombe muuzaji kadi, toa moja kwa nyingine, halafu linganisha na kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Zikipishana sana, usilipe mpaka ujue sababu.

Hapo kwenye "gari tupu" pana mtego mdogo, kwa sababu kila nchi inahesabu kivyake. Ulaya uzito wa gari tupu huwa umeshajumlisha dereva wa kilo 75 na mafuta karibu tangi zima. Japani wanahesabu kila abiria kuwa kilo 55, kisha wanaandika mzigo wa bodi peke yake. Ndiyo maana Hilux ya dabo kebini iliyouzwa Japani kuanzia 2017 imeandikiwa mzigo wa kilo 500 tu, wakati ndugu yake iliyouzwa Uingereza ina kiasi cha tani moja. Sura ni ileile, ila makaratasi yanasema mambo tofauti. Kama gari lako limetoka Japani, hati ya kuondolea gari kule inaonyesha uzito wa gari, uzito wa jumla na mzigo wa juu kabisa. Iombe, na uzifuate namba za gari ulilolishika mkononi, siyo za gari ulilosoma habari zake mtandaoni.

Sasa tuingie kwenye hesabu yako. Tuchukue dabo kebini ambayo kadi yake inasema gari tupu kilo 2,050 na uzito wa jumla kilo 2,910. Uwezo wa kubeba ni kilo 860. Ukizitazama hivyo ni nyingi, kama mifuko 17 ya saruji. Watu watano, kwa wastani wa kilo 75 kila mmoja, ni kilo 375. Bampa la chuma la mbele, keria, tairi la pili la akiba, jeki na sanduku la vifaa si chini ya kilo 150, na hivi watu huvisahau kabisa kwa sababu havishushwi. Madumu mawili ya maji ya kunywa na kuchanganyia dawa ni kilo 40. Jumla imefika 565. Umebakiwa na kilo 295, na tela bado halijafungwa.

Tela lako lina maji kilo 2,000, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Chuma, matairi na tangi tupu tuvikadirie kilo 500. Yote kwa pamoja ni kilo 2,500, na ukilinganisha na 3,500 za dalali unajiona una nafasi ya tani nzima. Lakini tela la ekseli moja halijibebi lote. Linalalia gari kwa shingo yake, yaani ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari.

Hili wewe unalijua tangu zamani, kwa mkokoteni wa punda. Magunia ukiyapanga yote mbele, miti inamkandamiza punda mpaka anapinda mgongo. Ukiyasogeza yote nyuma, miti inanyanyuka na punda anakosa pa kukanyagia. Mkokoteni uliopangwa vizuri humlalia punda kidogo tu, kiasi cha kutulia. Tela la gari ni hivyohivyo, na kiasi kinachofaa kwa matela ya namna hii ni kama asilimia 10 ya uzito wake. Kwako ni kilo 250. Zitoe kwenye zile 295: unabaki na kilo 45.

Kilo 45, Mwalimu. Mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50 tayari umezidi. Msimu wa kuvuna ukifika, kreti ya tatu ya zabibu haina nafasi kwenye bodi. Hapo unavuta kilo 2,500 wakati umeambiwa mwisho ni 3,500, na bado gari limejaa.

Wapo watakaokushauri usogeze tangi nyuma kidogo ili shingo iwe nyepesi upate nafasi ya mizigo. Naomba usifanye hivyo kabisa. Shingo ikiwa nyepesi mno, tela linaanza kuyumba kulia na kushoto mara mwendo unapozidi, na kila linavyoyumba linavuta mkia wa gari kwenda nalo. Dereva akishtuka na kukanyaga breki, ndiyo analizidisha. Kilo za shingo ndizo zinazolituliza tela. Ukitaka shingo nyepesi, punguza tela lote.

Kuna jambo jingine ambalo kadi haikuonyeshi. Kilo 250 zikikaa kwenye kiungio cha tela, ekseli ya nyuma inapata zaidi ya kilo 250. Chukua gari ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3, na kiungio kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 250 kwa 4.2, gawanya kwa 3: ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 350. Zile 100 za ziada zimetoka mbele, kwa sababu gari linafanya kazi kama mzani wa kubembea. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, yamepunguziwa kilo 100 saa ileile unapoyahitaji kuliko siku zote. Ndiyo maana ukikutana usiku na pikapu yenye tela zito, taa zake zinakupiga machoni: pua imenyanyuka.

Hiyo unaweza kuipima mwenyewe kwa futikamba. Gari likiwa tupu mahali tambarare, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa matigadi ya mbele na ya nyuma, uandike. Funga tela lililojaa, pima tena. Nyuma ikishuka kidogo si neno. Mbele ikipanda waziwazi, mzigo wa nyuma umepita kiasi, hata kama gari linaondoka bila kulalamika.

Hapo ndipo watu hukimbilia kuongeza springi. Kuna pikapu moja ililetwa gereji kwangu miaka michache iliyopita, dabo kebini, mwenyewe akilalamika kwamba mlango wa nyuma wa kushoto hauingii vizuri. Alikuwa akivuta tela la kokoto na mchanga barabara ya Mtera, na juu ya bodi anaweka mifuko ya saruji. Nyuma ilipoanza kuinama alikwenda akaongezewa springi, gari likasimama sawa, akaamini kazi imekwisha. Nilisimama ubavuni nikatazama ule mwanya kati ya kebini na bodi. Juu vidole vyangu vitatu viliingia bila kugusa. Chini, hata sarafu isingepita. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, ilikuwa imepinda nyuma tu ya kebini, na tulipoondoa matope tukakuta ufa umeanza pembeni mwa bano la springi. Yule bwana alikuwa na watoto wawili wa shule waliokuwa wakipanda gari hilo kila asubuhi. Mimi nilikataa kuichomelea na kumrudishia kama nzima, na mpaka leo naona nilifanya vyema.

Springi za ziada huinua bodi, basi. Chesisi inabaki ileile, beringi zilezile, ekseli na breki zilezile, na kilo zilizoandikwa kwenye kadi haziongezeki hata moja. Dabo kebini inaumia zaidi hapo kwa sababu ya umbo lake: kebini ndefu imechukua nafasi, bodi imesogea nyuma, na sehemu kubwa ya mzigo inakaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake. Ongeza na barabara ya vumbi ya Mvumi wakati wa kiangazi, iliyojikunja kama bati. Kila tuta linapiga mzigo chini kwa nguvu inayozidi sana uzito wake uliosimama.

Nakuja kwenye breki, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Kwa tela lisilo na breki zake, pikapu hizi hizi za tani tatu na nusu zimeandikiwa kilo 750 tu. Siyo 3,500. Kilo 750, tela na mzigo wake. Matela mengi yanayochomelewa kwetu hapa hayana breki, na hukuniambia kama lako linazo, kwa hiyo nachukulia kwamba halina. Tela la kilo 2,500 lisilo na breki limezidi mwisho huo zaidi ya mara tatu. Breki za gari lako zimetengenezwa kusimamisha kilo 2,910, nawe unazitwika zaidi ya kilo 5,000. Mbuzi wakikatiza ghafla, gari litajitahidi kusimama, tela litaendelea kusukuma, na kama uko kwenye kona litasukuma mkia wa gari upande. Na maji yana tabia yake: tangi likiwa nusu, ukikanyaga breki maji yote yanakimbilia mbele na kuipiga shingo kwa kishindo, ukiondoka yanarudi nyuma na kuinyanyua. Ndiyo maana tangi la kusafirishia maji linatakiwa kuwa na vizuizi ndani, na kama halina, lisafiri limejaa au tupu, lisisafiri nusu.

Lakini breki si kitu kisichowezekana. Muulize fundi wako ekseli ameitoa wapi. Mara nyingi ni ekseli ya nyuma ya gari lililokufa, na hizo huja na ngoma zake za breki, mafundi huzitupa au huziacha bila kuziunganisha. Zikifungwa viatu vipya, waya wa breki ya mkono unaweza kuunganishwa na shingo ya kusukumwa: gari linapopunguza mwendo, tela linasukuma shingo yake mbele, shingo inaingia ndani kidogo na kuuvuta waya, breki zinabana zenyewe. Ni kazi ya fundi anayejua, na shingo ya namna hiyo ni bora inunuliwe iliyotengenezwa kiwandani kuliko kubuniwa. Ongeza minyororo miwili ya usalama inayopishana chini ya shingo, na taa za nyuma zinazowaka kweli.

Matairi ya tela nayo yatazamwe. Ukitoa kilo 250 zinazolalia gari, ekseli moja imebaki na kilo 2,250, yaani kilo 1,125 kwa kila tairi. Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo vyake, kuna namba ndogo inayoeleza mzigo. 91 maana yake kilo 615, na hilo ni tairi la gari dogo, ambalo ndilo nakutana nalo kwenye matela kila wiki. 104 ni kilo 900. Hata 112, ambayo ni tairi zuri la pikapu, ni kilo 1,120: bado kilo tano hazijatimia. Kwa hiyo kwa tela lako kama linavyochorwa sasa, hata tairi hilo halitoshi. Mwambie fundi asimame kwanza.

Umeuliza kama utafute gari lenye nguvu zaidi. Nguvu ya injini si tatizo lako. Dodoma tuko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,100, na injini ya dizeli yenye tabo (turbo) hata haihisi kitu hapo. Litavuta, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu litavuta vizuri hata likiwa limezidiwa.

Wala usitegemee kwamba kuna mtu atakuzuia njiani. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inalenga magari ya uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500, na pale mizani ya Nala macho yako kwenye malori. Wewe mwenyewe ndiye mpimaji. Ukiweza kupata mizani ya daraja, ile ambayo gari zima hupanda juu yake, kwenye ghala kubwa la nafaka, pitisha gari na tela siku moja, upate namba halisi. Kwa shingo peke yake huhitaji hata hiyo: azima mizani ya kupimia magunia, weka tela lililojaa mahali tambarare, kabari kwenye magurudumu, kisha kalisha shingo juu ya mizani kwa kigogo kinachoifikisha kwenye urefu uleule wa kiungio cha gari. Unachosoma ndicho gari litakachobeba.

Ushauri wangu sasa. Ningekuwa mimi, dabo kebini ningeinunua kwa ajili ya watu na mazao, kwa sababu vibarua kukaa juu ya bodi ni hatari na kilo zao zinahesabika vilevile. Tangi ningelishusha hadi lita 1,000. Tela lote litakuwa kama kilo 1,400, likiwa na breki, maana bado limepita 750. Shingo itakuwa kilo 140, na kwenye zile 295 utabaki na 155: mifuko mitatu ya mbolea, au kreti kadhaa za zabibu, bila kulizidi gari. Matairi ya 104 yatatosha kwa nafasi nzuri. Kisima kiko kilomita sita. Safari ya pili ya maji haikugharimu sana. Weka tangi kubwa la kuhifadhia pale shambani, ujaze pole pole siku mbili kabla ya kumwagilia.

Kama lazima maji yaende lita 2,000 kwa mkupuo, kodi lori dogo la Canter kwa siku hizo. Lita 2,000 ni mzigo wa kawaida kwa Canter, na hutakuwa na tela la kukusumbua. Singo kebini nayo ina nafasi zaidi ya kubeba kwa sababu kebini ni nyepesi na mnakaa wawili au watatu tu, lakini mke wako na vibarua watatu hawatoshi humo, kwa hiyo kwako siioni.

Fundi wa kuchomelea mpigie leo kabla hajafunga ekseli. Mwambie tangi limekuwa la lita 1,000, alikalishe chini kadiri inavyowezekana, na ekseli asiiweke katikati kabisa ya tangi bali nyuma kidogo ya katikati, ili shingo ilale kilo 140 tangi likijaa. Asichomelee moja kwa moja. Aishikilie kwanza kwa boliti, mjaze maji, mpime shingo kwa mizani ya magunia, msogeze mpaka namba ikae, ndipo achomelee.